Wasomaji Wanauliza: Maksi Zimetoka, Kinachofuata Nini?

Ripoti za muhula zimefika majumbani, na barua tulizopata safari hii karibu zote zinazungumzia mitihani, alama na moyo wa watoto wa kusoma. Tumechagua sita kutoka pande mbalimbali za Dar es Salaam. Majina tumeyaacha.

Nafundisha Hisabati kidato cha kwanza, shule ya serikali, Mbagala. Nina mikondo mitatu na kila mkondo una wanafunzi 94. Nasahihisha madaftari mpaka usiku. Nikiyarudisha wanaangalia maksi, wanaulizana "umepata ngapi?", daftari linafungwa. Wiki inayofuata makosa ni yale yale. Nifanyeje?

Mwalimu, pole na kazi. Kwanza kabisa, acha kusahihisha kila kitu. Mikondo mitatu ya wanafunzi 94 ni madaftari 282. Ukitumia dakika mbili tu kwa kila daftari, zoezi moja linakula saa tisa na dakika 24. Hakuna mtu anayeweza kufanya hivyo mara tatu kwa wiki na bado akaandaa somo, kwa hiyo kinachobaki ni tiki na makosa ya haraka haraka na namba juu ya ukurasa. Mtoto naye anasoma alichoandikiwa. Namba haimwambii afanye nini kesho. Inamwambia amesimama wapi mbele ya jirani yake, ndiyo maana swali lake la kwanza ni "umepata ngapi?"

Mazoezi ya kila siku wasahihishe wenyewe kwa majibu utakayoandika ubaoni. Wewe chukua swali moja tu, la mwisho wa kipindi. Kata karatasi ya A4 vipande vinne. Kwa mkondo mmoja karatasi 24 zinatosha. Dakika nane kabla ya kengele gawa vipande, andika swali ubaoni, wafanye kimya kwa dakika tano, jina liandikwe nyuma, kisha vipande vipitishwe mbele kwa safu. Ukifika ofisini usiandike maksi wala tiki juu yake. Panga mafungu mezani kwa kuangalia mstari ambapo kazi ilianza kuharibika. Sekunde nane kwa kila kipande zinatosha, na mkondo mzima unakwisha ndani ya robo saa.

Tuseme swali lilikuwa 3(x − 2) = 12. Jibu ni x = 6. Sasa tazama mafungu ya waliokosa. Fungu moja wameandika x = 14/3. Hawa walifungua mabano wakapata 3x − 2 = 12, yaani 3 imezidishwa kwa x ikasahau 2 iliyokuwa ndani. Fungu la pili wana x = 2. Mabano wameyafungua sawasawa, 3x − 6 = 12, ila walipoipeleka 6 ng'ambo hawakubadili alama, wakabaki na 3x = 6. Fungu la tatu wana x = 15: wamefika salama hadi 3x = 18, halafu wakatoa 3 badala ya kugawanya kwa 3. Hawajaona kwamba 3x maana yake ni 3 mara x.

Kwa kalamu nyekundu wote hawa wangepigiwa kosa moja na kuambiwa "ongeza bidii". Bidii ya kufanya nini? Wa kwanza anahitaji kurudia mabano na wa tatu anahitaji kuambiwa 3x ni nini. Wa pili ndiye anayehitaji uangalifu zaidi, kwa sababu kosa lake mara nyingi linatokana na kufundishwa "hamisha, badili alama" kama mazingaombwe. Siku akisahau kubadili, hana pa kujishikia. Mwonyeshe kuongeza 6 pande zote mbili, aandike mstari huo kwa mkono wake mara kadhaa kabla hajaruhusiwa kuufupisha.

Kipindi kinachofuata anza na dakika 15 za marekebisho. Andika ubaoni zile njia tatu zilizokosewa, ziite A, B na C, bila jina la mtu. Rudisha vipande vikiwa na herufi tu. Kila mmoja atafute mstari ulioharibika, aeleze kwa sentensi moja kwa nini si sahihi, kisha wote wafanye swali la jamii ile ile, kwa mfano 4(x − 3) = 8, ambalo jibu lake ni 5. Waliopata mara ya kwanza wape kazi ya kutunga swali ambalo mtu wa kosa A atalikosa na mtu wa kosa B atalipata. Hiyo ni kazi ngumu kuliko inavyosikika, na inawafunga mdomo wale wanaomaliza mapema.

Kwenye daftari lako la kumbukumbu andika herufi ya kosa mbele ya jina. Mtoto akilivuka, ipige mstari. Baada ya mwezi utakuwa na ukurasa unaoonyesha nani amekwama kwenye nini, na mkuu wa shule au mthibiti ubora akiuliza ushahidi wa maendeleo ya wanafunzi, huo ndio ushahidi.

Njia hii huharibika pahali patatu. Swali likiwa na mambo mengi ndani yake huwezi kupanga mafungu, hivyo lipime wazo moja. Mwalimu akitaja majina ya waliokosa, wiki ya pili wataanza kunakili kwa jirani na mafungu yako yatakuwa ya uongo. Na tatu, ukiandika maoni pamoja na maksi, maksi inayameza maoni. Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler alichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika Israel kwa wanafunzi waliorudishiwa kazi kwa namna tatu: maksi peke yake, maoni peke yake, na vyote viwili. Walioandikiwa maoni tu ndio waliofanya vizuri kazi iliyofuata na wakabaki na hamu. Walioandikiwa vyote viwili hawakupata faida hiyo. Kwa hiyo maksi zitunze kwa jaribio la nusu muhula na mtihani wa muhula.

Madaftari bado yanatakiwa kuonekana yamepitiwa, tunajua. Chukua 19 kwa siku, kwa zamu. Kwa siku 15 za shule unakuwa umemaliza mikondo yote mitatu, na kila daftari umelisoma kweli.

Mwanangu yuko darasa la tano. Muhula uliopita Hisabati alipata 28 kati ya 50, akawa wa 40. Sasa amepata 32, lakini amekuwa wa 61 kati ya watoto 118. Baba yake anasema mtoto ameshuka, tumtafutie tuisheni ya jioni. Mimi naona amepanda. Nani yuko sahihi? (Mama, Tabata)

Kwa namba hizo peke yake, mama, hakuna kati yenu anayeweza kushinda ubishi huu. Ukifuata madaraja ya Baraza la Mitihani kwa darasa la saba, ambako kila somo lina alama 50, mtoto mwenye 28 yuko daraja C (21 hadi 30) na mwenye 32 yuko B (31 hadi 40). Hapo wewe una hoja. Lakini mitihani miwili ya mihula miwili haina mada zile zile wala ugumu ule ule, na nafasi nayo inapangwa na watoto 117 wengine ambao mwanao hana mamlaka nao. Mtihani ukiwa mwepesi, watoto wengi hurundikana pamoja, tuseme kati ya 30 na 36. Hapo alama mbili tu zinaweza kumsogeza mtoto nafasi ishirini, na swali moja alilonakili vibaya linaweza kumfanya aonekane ameporomoka.

Nenda shuleni umwombe mwalimu wa somo vitu viwili: wastani wa darasa kwa mitihani yote miwili, na karatasi ya majibu ya mtoto. Wastani ukiwa ulikuwa 27 na sasa ni 35, mtoto alikuwa juu kidogo ya wenzake na sasa yuko chini yao, na baba ana hoja. Ukiwa ulikuwa 27 na sasa ni 28, amepanda kweli, hata kama wenzake wachache wamempita.

Karatasi ya majibu ndiyo yenye siri. Kaa na mtoto, mhesabu pamoja alama zilizopotea kwa aina tatu: maswali aliyoyaacha wazi, maswali aliyokosea njia, na maswali ambayo njia ni nzuri ila hesabu imeteleza. Aliyeacha wazi ya mwisho aliishiwa muda. Aliyekosa maswali ya mafumbo huku hesabu tupu anazipata, shida yake ni kusoma na kuelewa sentensi, na hiyo inatibiwa kwa kumsomesha Kiswahili kwa sauti jioni, dakika kumi, akueleze swali linataka nini kabla hajagusa kalamu.

Tuisheni ina maana ikiwa mwalimu wa tuisheni ataiona karatasi hiyo na kuanzia hapo. Tuisheni ya watoto arobaini wanaonakili ubao saa kumi na mbili jioni inamchosha mtoto bila kugusa tatizo lake.

Na nyumbani lile swali la "umekuwa wa ngapi?" libadilisheni. Mwambieni awaonyeshe swali moja alilolishindwa muhula uliopita ambalo sasa analiweza, alifanye mbele yenu.

Shikamooni. Niko kidato cha tatu, Kigamboni. Daftari la Biolojia nalirudia hata mara tano, lakini nikikaa kwenye mtihani nasahau. Wenzangu wanasema mimi sina kichwa. Kuna watu hawakuzaliwa kusoma?

Marahaba, mdogo wetu. Kichwa unacho. Unachokosea ni namna ya kusoma, na unafanana na wanafunzi wengi sana.

Ukirudia daftari mara ya tano, maneno yanakuwa mepesi machoni, ukadhani umeyajua. Macho yameyazoea tu. Mtihani haukuulizi kama umewahi kuyaona. Unakutaka uyatoe kichwani bila daftari, na hilo hujawahi kulifanyia mazoezi. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walilipima jambo hili kwa wanafunzi wa chuo. Kundi moja lilisoma kifungu mara nne. Jingine lilisoma mara moja, kisha likajitahini mara tatu kwa kuandika linachokumbuka. Dakika tano baadaye waliosoma mara nne waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojitahini walikumbuka karibu asilimia 61, waliosoma mara nne asilimia 40 hivi.

Basi fanya hivi. Siku uliyofundishwa, jioni, soma mada mara moja kwa utulivu. Funga daftari. Kwenye karatasi tupu andika kwa kalamu ya bluu kila unachokumbuka, hata kama ni mistari minne. Fungua daftari, jaza ulivyosahau kwa kalamu nyekundu. Hayo mekundu ndiyo ya kusoma, mengine umeshayapata. Rudia siku ya tatu, halafu siku ya nane, kila mara ukianza na karatasi tupu. Mara ya kwanza itauma, kwa sababu utaona mekundu mengi kuliko ya bluu. Wengi wanaacha hapo na kurudi kwenye kusoma tu, maana kusoma kunafurahisha zaidi. Usiache.

Usijiulize maswali ya kutaja tu. Kwenye mada ya figo, kwa mfano, "taja sehemu za figo" ni swali la dakika moja. Jiulize: kwa nini mtu aliyeshinda juani bila kunywa maji anakojoa mkojo mchache wenye rangi kali? Ukiweza kueleza hatua kwa hatua, maji yanavyopungua kwenye damu, homoni ya ADH inavyoongezeka na figo inavyorudisha maji mwilini, mada unayo. Na kwa kuwa mtihani wako ni wa Kiingereza, jieleze kwanza kwa Kiswahili kwa sauti. Ukishindwa kwa Kiswahili, tatizo ni Biolojia. Ukiweza kwa Kiswahili ukakwama kwa Kiingereza, tatizo ni maneno. Yaandike, jifunze maneno hayo sita au saba ya mada. Wanafunzi wengi huchanganya haya mawili wakajiita wajinga wa Biolojia.

Kuhusu hao wanaokuambia huna kichwa: mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha kwamba hata kumsifia mtoto kuwa ana akili kunaweza kumdhuru. Watoto waliosifiwa akili walipokutana na kazi ngumu walikata tamaa upesi kuliko waliosifiwa juhudi. Kama sifa ya akili inaleta hivyo, tusi la akili ni bora usilibebe kabisa.

Mimi ni mwalimu wa taaluma, shule binafsi, Mbezi. Kila Jumamosi tuna majaribio ya masomo manne. Jumatatu matokeo yanabandikwa kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na kumi wa mwisho wanachapwa. Mwanzoni wastani ulipanda. Sasa kuangalizia kumezidi, wengine wanaingia na nondo (vikaratasi vya majibu), na wa chini wanatoroka Jumamosi. Uongozi unataka adhabu iongezwe.

Adhabu isiongezwe, mwalimu. Iondolewe.

Tuanze na hesabu yenyewe. Katika darasa la watoto 50, kumi wa mwisho watakuwepo hata siku ambayo wote wamepata zaidi ya 70. Mtoto aliyepanda kutoka 35 hadi 48 wakati wenzake nao wamepanda anachapwa wiki ile ile aliyojifunza zaidi ya wote. Akifikiri vizuri, na watoto wanafikiri vizuri, atagundua kwamba njia ya uhakika ya kukwepa fimbo ni jirani yake, nondo, au kutokuja. Mmemfundisha hivyo nyinyi, kwa mpangilio wa orodha.

Kisha kuna sheria. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko kwa makosa makubwa ya nidhamu, visizidi vinne, kwa kuzingatia umri, jinsia na afya ya mtoto, chini ya mamlaka ya mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Kupata 30 kwenye Fizikia si kosa la nidhamu.

Majaribio yenyewe yabaki. Kupimwa mara kwa mara ni jambo jema, na ndiyo nia iliyokuwamo tangu Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililokataa mtihani mmoja wa mwisho uwe kipimo pekee cha mtoto. Hata wastani wenu wa mwanzo pengine ulipanda kihalali, kwa sababu wanafunzi walianza kujikumbusha kila wiki. Mnachotakiwa kubadili ni karatasi, chumba, na kinachofanyika Jumatatu.

Karatasi: jaribio la alama 20 kwa dakika 40 linatosha. Alama 12 zitoke kwenye mada ya wiki na 8 kwenye mada za wiki zilizopita, la sivyo mtoto anakariri Ijumaa na kusahau Jumapili. Kabla ya kutunga, chora jedwali: mada zikae kushoto, juu andika kukumbuka, kuelewa na kutumia, ngazi tatu za chini za mpangilio wa Benjamin Bloom wa mwaka 1956. Gawa alama, kwa mfano 8, 7 na 5. Mtagundua karatasi nyingi za sasa zina 17 au 18 za kukumbuka tu. Maswali ya kutaja ndiyo chakula cha nondo. Nondo haimsaidii mtu aliyeulizwa kwa nini balbu mbili hufifia zikiunganishwa kwa mfuatano.

Chumba: tungeni karatasi mbili, A na B, kwa kubadili takwimu ndani ya maswali. Kubadili mpangilio wa namba za maswali peke yake hakutoshi, maana wanafunzi hugundua kwa dakika tatu. A na B zipishane kwa safu. Msimamizi asimame nyuma ya darasa. Mtoto anayetaka kuangalizia lazima kwanza ageuke kumtafuta, na hapo unamwona.

Jumatatu: ubaoni bandikeni maswali matatu yaliyokosewa na wengi, pamoja na njia sahihi. Majina na nafasi yasitoke. Kila mtoto apewe kikaratasi chake chenye alama ya wiki hii, ya wiki iliyopita, na mada moja ya kurudia. Na mwambieni kila mwalimu asipige picha orodha na kuitupa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Kwa sasa aibu ya mtoto inafika nyumbani kabla yake. Wenye chini ya 9 kati ya 20 wafanye jaribio la kurudia Jumatano, maswali mapya ya mada zile zile, na alama ya juu ndiyo iandikwe. Wapo walimu watakaosema huko ni kudekeza. Ila mtoto aliyejua Jumatano bado anajua, na mtihani wa taifa hautamuuliza alijua siku gani.

Mkitaka kujua kama mabadiliko yanafanya kazi, linganisheni wastani wa majaribio na wastani wa mtihani wa muhula wa watoto wale wale. Majaribio yakisema 72 na mtihani uliosimamiwa vizuri ukasema 45, zile 27 zilikuwa za jirani. Pengo likipungua hata kama majaribio yameshuka, mko kwenye njia.

Tuko walimu wawili wa Kiswahili, Temeke. Insha moja, yeye katoa 14 kati ya 20, mimi nimetoa 9. Tufanyeje tusiwaonee watoto?

Tatizo hili lina umri. Mwaka 1912 na 1913 huko Marekani, Daniel Starch na Edward Elliott waliwapelekea walimu zaidi ya mia nakala ya karatasi ile ile. Hata karatasi ya jometri, somo linaloonekana halina ubishi, ilirudi na alama kutoka chini ya 30 hadi juu ya 90. Wengine walikata alama kwa uchafu wa karatasi, wengine kwa hatua zilizorukwa.

Kubalianeni kwanza mnalipia nini. Kwa alama 20, mfano: hoja na mtiririko 8, lugha na msamiati 6, muundo wa insha 3, tahajia na alama za uandishi 3. Chini ya kila kipengele andikeni sentensi moja ya kinachostahili alama zote, nusu, na chache. Someni insha tano zile zile, kila mtu aandike alama yake kwa siri, kisha fungueni. Mkipishana zaidi ya 2, msijadili nani ni mkali. Rudini kwenye kipengele kilichowatenganisha. Mara nyingi ni tahajia, ambayo mmoja anaikata kila mara neno lile lile linapojirudia. Kosa lililojirudia likatwe mara moja.

Mkishaanza, sahihisheni swali la kwanza kwa wanafunzi wote kabla ya kwenda la pili, majina yakiwa yamekunjwa nyuma. Mtoto aliyeanza vizuri hupewa huruma kwenye swali la mwisho, na aliyeanza vibaya hunyimwa. Kila baada ya insha ishirini rudia ile ya kwanza kuona kama umelegea au umekaza. Uchovu wa jioni hubadilisha mkono wa mwalimu bila yeye kujua.

Mwanafunzi wangu wa Jiografia aliugua akakosa jaribio moja. Mengine ana 70, 68 na 72. Mfumo wa shule umemwekea 0. Ana nidhamu nzuri sana, je, nimwongezee kidogo? (Gongo la Mboto)

Usimwongezee kwa nidhamu, na ile 0 pia iondoe. Ukiihesabu, wastani wake ni 52.5, ambao kwa madaraja ya kidato cha nne ni C (45 hadi 64). Bila hiyo ana 70, ambayo ni B (65 hadi 74). Sifuri hiyo inasema hajui Jiografia, wakati ukweli ni kwamba hakuwepo. Nidhamu ina sehemu yake kwenye ripoti, pale kwenye tabia na mwenendo. Ukiichanganya na alama ya somo, mzazi hataweza kujua mtoto anajua nini.

Kama mnatumia Excel, kiache kisanduku kitupu: fomula ya wastani hukiruka kilicho kitupu, lakini 0 huihesabu. Andika pembeni "hakufanya, ugonjwa" ili mwenzako asije akajaza kwa kudhani umesahau. Kisha mpe jaribio la kufidia ndani ya wiki mbili tangu aliporudi, la mada zile zile kwa maswali mapya, maana karatasi ya kwanza imeshazunguka darasa zima.